Sherehe ya Nyota Isiyoraruliwa

Nimekasirika, na sitaki mtu aniambie nipoe. Kila anayepita hapa kwenye duka langu la ushonaji, mtaa wa Shika Adabu, ananiuliza, "Mama Kai, bado umenuna tu?" Ndiyo, bado. Nitanuna mpaka watu wa ile kamati waje waombe radhi, na wasiniombe mimi, wamwombe mtoto wa kaka yangu. Na kwa kuwa sioni dalili ya kuja, nitaisimulia mwenyewe, maana huko nje inasimuliwa kwa kupindwapindwa mpaka inatia kichefuchefu.

Mtoto mwenyewe ni Nyamvula, binti wa marehemu kaka yangu Nguma. Alizaliwa Kinango siku ya mvua, ndipo akaitwa hivyo, nami nikamleta Likoni akiwa mdogo, nikamlea pamoja na Kai wangu. Ni mtu mkimya. Si kimya cha kiburi, la! Ukimwita atakuitika "abee shangazi" hata kama ana tonge mdomoni. Lakini ukimwuliza jambo hajibu mpaka awe na hakika. Mwulize kama chai ina sukari, ataionja kwanza, ataonja tena, ndipo akwambie. Jamani, zipo siku nilitamani kumrushia kandambili.

Kazi yake ni fundi wa maabara katika shule moja ya upili hapa Likoni. Huosha vile vichupa, huchanganya dawa za wanafunzi, hutengeneza hadubini zilizovunjwa na watoto watundu. Ameajiriwa na bodi ya shule, mkataba wa muhula kwa muhula, kwa hiyo shule zikifungwa hajui kama zikifunguliwa atakuwa na kazi au atakuwa hapa ananishonea vifungo. Na ana diploma yake safi! Kwa hiyo alichokuwa akikitafuta mtoto yule, usiku na mchana, ni kazi ya kudumu. Hakuna ofisi ambayo hajapeleka barua. Hakuna mtu mkubwa ambaye hajaamkiwa shikamoo kwa ajili hiyo.

Sasa, mambo ya nyota. Akitoka shuleni huja hapa dukani, hukaa mwisho wa meza yangu ya kukatia nguo, hufungua kompyuta yake. Mimi nina umeme, na jirani ana mtandao na si mchoyo. Nyamvula yumo katika kundi la watu wa kujitolea, kiongozi wao ni mwalimu wa chuo kikuu, Daktari Roseline. Ziko darubini kubwa huko ng'ambo zinazopiga picha anga lote, kila mara, na picha zinawekwa wazi mtandaoni yeyote azitazame. Mashine inalinganisha picha mpya na ya zamani, na ikiona mahali pamewaka ghafla inapiga kelele. Tabu ni kwamba inapiga kelele kwa kila kitu, kwa hiyo lazima wakae binadamu wenye macho na subira wachambue, kama tunavyochambua mchele.

Wanachokitafuta ni nyota zilizoraruliwa. Alinieleza mara nyingi mpaka nikaelewa. Katikati ya kila galaksi kubwa kuna shimo jeusi, zito ajabu. Mara chache sana nyota hupita karibu nalo mno, na lile shimo huivuta upande wa karibu kwa nguvu kuliko upande wa mbali, mpaka nyota nzima inararuka. Nusu inatupwa nje. Nusu inazunguka ikiingia shimoni, na katika kuingia kwake inawaka mwanga mkali unaotufikia mpaka huku, halafu mwanga unafifia polepole kwa miezi.

"Kwa hiyo linaila?" nikamwuliza.

"Linairarua kwanza, shangazi. Na nusu yenyewe haliipati."

Nikasema afadhali.

Ili uitambue, mwanga uwe katikati kabisa ya galaksi, uwe wa buluu na ubaki buluu, upande haraka na ushuke taratibu. Ukigeuka mwekundu, huenda ni nyota iliyojilipukia yenyewe. Na ukipanda, ukashuka, ukapanda tena, hilo ni shimo linalokula gesi kila siku, limezoea, halina habari yoyote. Hayo ndiyo yanayowadanganya watu. Mtoto alikaa hapo tangu masika mpaka vuli akitazama nukta na kuzikataa, na mimi nikishona, na hakuna hata moja iliyokuwa yenyewe.

Halafu siku moja akaniita. "Shangazi, hebu njoo utazame."

Nikaenda mbio nikidhani nitaona moto. Nikaona nukta! Nukta ndogo kama tundu la sindano, na chini yake mstari uliopanda na kuanza kuteremka. Lakini alikuwa amesimama, na mimi Nyamvula simjui kwa kusimama mbele ya kompyuta. Akaituma kwenye orodha yao. Daktari Roseline akajibu kwamba inapendeza, na kwamba itapewa zamu kwenye darubini kubwa kule Chile, inayouchambua mwanga na kusema kweli au uongo. Zamu hizo ni chache na wanaozitaka ni wengi. Nyuma ya Nyamvula kwenye foleni alikuwako kijana mmoja wa Kisauni, upande wa pili wa Mombasa, Chrispine, karani wa ghala, naye ana nukta yake. Hawajawahi kuonana.

Basi hapo tungekaa kimya tukasubiri, yasingetokea haya. Lakini Nyamvula ni mtu wa kanisa. Jumapili, baada ya ibada, watu walipoulizwa nani ana ombi, akasimama. Akasema, "Naomba mniombee. Kuna nyota nadhani imeraruliwa na shimo jeusi. Bado haijathibitishwa."

Ombi! Mtoto ameomba aombewe! Lakini watu wetu wakisikia jambo jema hawana breki. Hilo la "haijathibitishwa" liliingia sikio hili likatokea lile. Akanyanyuka Mzee Erastus, mstaafu wa bandarini, mtu wa bara aliyekaa Likoni miaka mingi na ambaye hakuna kamati hapa mtaani asiyokuwa mwenyekiti wake. Akasema, "Hili si la kuombea, ndugu zangu. Hili ni la kushukuru! Binti yetu ameiletea Likoni sifa!"

Makofi. Kabla ya amina ya mwisho kamati ilikuwa imeshaundwa, Carolyne amefanywa mweka hazina, na kundi la WhatsApp limefunguliwa lenye picha ya roketi. Roketi na nyota ya watu wapi na wapi? Nyamvula akajaribu. "Lakini Mzee, bado..." Akaambiwa binti tulia, hii kazi ya wazee.

Sherehe wakaipangia Jumapili moja, wakachagua sare. Kitenge cha samawati chenye nyota za dhahabu, kama pazia la Krismasi, nikaletewa mimi nishone. Wakachagua mgeni rasmi, mheshimiwa mmoja, sitamtaja, wala hastahili. Mheshimiwa akapelekewa habari, akafurahi, akasema kuna nafasi ya kudumu ya fundi wa maabara katika chuo kipya cha ufundi, na kwamba binti kama huyo ndiye anayetafutwa. Carolyne alipokuja kuniambia hilo niliacha cherehani, nikamshika mikono, tukarukaruka hapa mlangoni kama watoto. Sikatai. Nilifurahi kupita kiasi.

Alhamisi ile kabla ya sherehe Nyamvula akaja dukani na uso wa tofauti. Akafungua kompyuta bila kunywa hata maji. Akasema, "Shangazi, siyo yenyewe."

"Siyo nini?"

"Nyota. Nimepata picha za zamani za darubini nyingine. Mahali palepale paliwaka miaka ya nyuma pakazima. Na kabla ya hapo paliwaka tena pakazima. Nyota haifi mara tatu."

Ni shimo la kila siku. Lile lisilo na habari. Nikamwambia pole, mwanangu, pole sana. Akanijibu kitu ambacho mpaka leo sijakisahau. "Si pole, shangazi. Heri nimeiona mimi kabla hawajaigeuza ile darubini."

Na tazama bahati yetu, wakati huohuo wakaingia Mzee Erastus na Carolyne kujaribu sare zao. Mimi nina pini mdomoni, nampima Mzee mabega. Nyamvula akawaamkia, akawaeleza yote, taratibu, kama anavyowaeleza wanafunzi. Mzee akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Nani mwingine anajua?"

"Sisi tuliomo humu."

"Basi bado hakuna tatizo."

Nusura nimeze pini!

Akaendelea, kwa upole, ule upole unaoudhi. "Binti yangu, iondoe kwenye ile orodha Jumatatu. Jumatatu si mbali. Acha mgeni aje, aseme lake, aende. Kisha utaiondoa kimyakimya, nani atajua?"

Nyamvula akasema, "Mzee, darubini inaelekezwa kule Jumamosi. Ikitazama yangu, haitatazama ya mwingine. Kuna kijana wa Kisauni, yake inafifia. Ikipitwa na zamu hii haitaonekana tena."

"Huyo wa Kisauni ni ndugu yako?"

"Hapana, Mzee."

"Mnajuana?"

"Hapana."

"Sasa?"

Hebu niambieni nyinyi, mtu mzima, mzee wa kanisa, anauliza "sasa?" Na Carolyne naye, ambaye ni rafiki yangu na nampenda, akaongeza ndimu kwenye kidonda. "Nyamvula, na kazi je? Mheshimiwa ameshasema. Ya kudumu, mama. Utaipata wapi tena?"

Hapo mtoto akaigeukia kompyuta, kidole juu ya kitufe. Namjua. Alikuwa anaionja ile kazi. Na mimi mwenyewe niliacha kumpima Mzee, maana nilijua barua alizoandika, nilijua shule zinafungwa mwezi unaofuata. Kisha akasema, "Mniwie radhi," akabonyeza. "Imeondoka. Nimeandika na sababu."

Wangekuwa watu wa haya, wangesema haya basi, tuahirishe. Walitoka nje, wakanong'ona pale kwenye mtaro, wakarudi. Sherehe itaendelea. Mahema yamekodishwa, bango limechapwa, mgeni rasmi haambiwi asije.

"Mnasherehekea nini?" nikauliza.

"Tunasherehekea juhudi, Mama Kai."

"Basi andikeni juhudi kwenye bango!"

Kwenye bango waliandika NYAMVULA MGUNDUZI WA NYOTA. Nyota! Kana kwamba zilikuwa zimefichwa, tukakaa gizani mpaka akaja yeye. Nilimwambia Nyamvula asiende. Akasema wamekodi viti kwa jina lake, akikosa itakuwa dharau, na kwamba akipewa nafasi atawaambia watu mwenyewe. Nikamwambia, nenda, lakini mimi nakaa nyuma yako.

Jumapili uwanja wa kanisa ulijaa. Nyota za dhahabu kila mahali, kazi ya mikono yangu, nikizitazama nasikia uchungu. Kwaya ikaimba. Mheshimiwa akachelewa mpaka pilau ikapoa. Alipofika akazungumza habari za barabara, akazungumza habari za feri, akawapiga vijembe wapinzani wake, ndipo akakumbuka kilichomleta. "Waliodhani Likoni ni foleni ya feri tu, leo waone haya!" Vigelegele. "Na mimi sikuja mikono mitupu. Kuanzia kesho, mgunduzi wetu ana kazi ya kudumu!" Uwanja ukatikisika. Akamnyooshea Nyamvula mkono, na Mzee Erastus akampa mtoto kipaza sauti kwa jicho la kumwonya.

Nyamvula akasema, "Shikamooni wazee wangu. Ahsanteni sana kwa upendo wenu. Ile nyota haikuraruliwa. Nilikosea, na niliiondoa tangu Alhamisi."

Halafu mheshimiwa akapiga makofi peke yake, akacheka, akasema, "Mmeona? Mmeona unyenyekevu wa mtoto wa pwani?" Na watu, haki ya Mungu, wakaanza tena vigelegele! Wakasimama! Mwenye nyota anasema hakuna nyota, walioketi kwenye viti vya kukodi wanasema ipo! Mama mmoja mbele yangu alikuwa analia kwa kuguswa. Damu yangu ilichemka mpaka masikio yakaniwaka.

Na nisiwafiche. Ule mkono wa mheshimiwa ulikuwa bado umenyooshwa, na ndani yake mlikuwa na kazi. Moyo wangu mmoja ulisema, ameshasema ukweli mtoto, wakiukataa shauri yao. Aushike mkono, aseme ahsante, twende zetu nyumbani. Nani angemlaumu? Nilikuwa nyuma yake kabisa, na sikufungua mdomo. Nilimwachia yeye.

Hakuushika. Alingoja vigelegele viishe, maana hajui kumkatiza mtu. Kisha akasema, "Mheshimiwa, kazi naitaka. Nimeitafuta sana, na watu hapa wanajua. Lakini umesema unampa mgunduzi wa nyota, na mimi si mgunduzi wa nyota. Kama ni kazi ya fundi wa maabara, naomba uniite kesho uniulize mambo ya maabara."

Mheshimiwa akamgeukia Mzee Erastus. "Kwani hii shughuli ni ya nini hasa?"

Mtu mmoja nyuma akacheka kwa sauti, na wengine wakamfuata. Ule mkono ukarudi mfukoni. Mheshimiwa akasema, "Tutaliangalia," na sote tunaijua maana ya kuangalia kwao. Akaondoka hata pilau hakuigusa, na kesho yake hakuna aliyeitwa.

Watu wakala, wakanywa soda, wakatawanyika wakitutazama kwa pembe ya jicho. Sisi tukabaki tukisaidia kukusanya sahani. Mzee Erastus akaja, amevua koti, jasho limemlowesha. "Nyamvula, umetuvua nguo mbele ya mgeni."

Na mtoto, kwa ile adabu yake, akasema, "Samahani Mzee, kwa usumbufu."

Hapo nikalipuka. "Samahani ya nini? Samahani ya nini, hebu niambie! Aliwaambia bado, mkasema ni kazi ya wazee. Aliwaambia siyo, mkasema Jumatatu. Amewaambia kwa kipaza sauti, mkampigia makofi! Mlitaka awaambie kwa ngoma? Nguo mmezivua wenyewe, na mimi ndiye niliyewashonea!" Nilisema na mengine ambayo uwanja wa kanisa haukustahili kuyasikia. Carolyne akanivuta mkono, nikaunyakua.

Simu ya Nyamvula ikalia. Ujumbe wa sauti. Akauweka sikioni, akaufungua tena kwa sauti ya juu ili nami nisikie. Ni kijana, maneno yanakimbizana, Kiswahili cha watu wa bara. "Dada Nyamvula, ni Chrispine wa Kisauni, hunijui. Wameicheki yangu jana. Ni yenyewe! Imeraruliwa kabisa, Daktari amethibitisha sasa hivi. Ameniambia zamu ilikuwa yako ukaiachilia. Ungengoja hadi Jumatatu ingekuwa imeisha, dada. Hakuna mtu angewahi kuiona. Sijui hata nikwambie aje."

Mtoto yule mkimya, asiyejibu chai ina sukari mpaka aionje, akaangusha sahani alizoshika, akatupa kichwa nyuma, akapiga kigelegele. Kirefu! Nami nimemlea, sikujua kama anacho kooni. Waliokuwa wakikunja mahema wakasimama kutazama.

Mzee Erastus akaja mbio, uso umemng'aa ghafla. "Nini? Imepatikana? Sasa ni ya kweli?"

"Ya kweli, Mzee! Imethibitishwa!"

Akaitoa simu mfukoni, anatafuta namba. "Ngojeni, ngojeni, msikunje hayo mahema. Mheshimiwa hajafika mbali, yuko foleni ya feri huyo. Itangazwe kwa jina gani?"

"La Chrispine, Mzee. Yule wa Kisauni."

"Kisauni?" Akanitazama mimi, akamtazama Nyamvula. "Ah."

Akairudisha simu mfukoni, akaendelea kupanga viti. Nyamvula hata hakumwona. Alikuwa ameketi chini kati ya vipande vya sahani na lile gauni la nyota nililomshonea, analia na kucheka, anamrekodia kijana asiyemjua akimwambia hongera, hongera, hongera, na siku ile nzima, katika kelele zote zile, huyo peke yake ndiye aliyepongezwa kwa jambo lililotokea.